Mkono wa Kusalimia

Mti mbichi uliofukiwa kwenye majivu ya moto haunuki kama kuni. Harufu yake ni kali kidogo na tamu kidogo, na hukaa puani hata baada ya mtu kula. Kwetu Hombolo ilikuwa harufu ya miezi ya kipupwe, mtama ukishavunwa na kutiwa ghalani, upepo ukitoka upande wa bwawa na kutupasua midomo. Mjomba Malogo, kaka yake mama, alikuwa mlinzi kwenye mashamba ya zabibu, na kwa kuwa zabibu zilikuwa bado changa na hazikuwa na mwizi isipokuwa ndege, alishinda kwetu. Alikata mikole mirefu, miti ya fimbo, kwenye vichaka vya kilimani, akaifukia majivuni mpaka maganda yakaanza kutoa povu, kisha akaichomoa mmoja mmoja, akaikanyaga kwa kisigino ili kuinyoosha, akaivua maganda na kuipaka mafuta ya ng'ombe. Mafuta yenyewe aliyaomba kwa majirani. Sisi wakati huo hatukuwa na ng'ombe hata wa kutoa mafuta ya fimbo.

Ng'ombe wa maskini hazai, ndivyo wasemavyo watu, na wetu hata hawakusubiri kuthibitisha msemo huo. Walikufa kwa ugonjwa katika mvua moja, zizi likabaki limejaa samadi kavu na kunguru. Baba alikwenda Zuzu kufanya kibarua cha kutengeneza njia ya reli, akawa anarudi mwisho wa mwezi akiwa na sukari na habari za treni. Mama alibaki nasi watatu: kaka yangu Ndahani, aliyekuwa amemaliza darasa la saba na asichaguliwe kuendelea, mimi Nyemo, binti wa darasa la nne, na Eliza, aliyekuwa mgongoni. Eliza alikuwa amedhoofu, nywele zake zikigeuka rangi na kuwa nyepesi, na muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia mama waziwazi kwamba mtoto huyu anahitaji maziwa, wala si uji mtupu. Mama aliitikia kwa adabu. Maziwa hayaokotwi njiani.

Kwetu ipo desturi iitwayo kuzagiza. Mwenye ng'ombe wengi huwagawa baadhi kwa watu anaowaamini wakae nao, ili ugonjwa au wizi ukitokea mahali pamoja usimmalize. Anayewekewa hunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe si wake. Akichunga vizuri kwa miaka kadhaa, mchungaji mwenyewe hupewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na huo ndio mwanzo wa zizi lake. Baba alikuwa ameongea na Mzee Mbeho, tajiri wa kijiji cha jirani, naye akakubali nusu. Nusu ya pili ilikuwa kuja kumwona mchungaji. Angekuja baada ya mavuno, na mchungaji alikuwa Ndahani. Kwa mama jambo hilo lilikuwa uhai wa Eliza. Kwa Ndahani, ambaye shule ilikuwa imemfungia mlango, lilikuwa yule mtamba, na baada ya mtamba mahari, na baada ya mahari nyumba yake mwenyewe. Alikwisha kuanza kutuonyesha mahali atakapoijenga.

Mzee Mbeho alijulikana kwa jambo moja. Hakumuuliza mtu maswali. Aliitazama mikono yake. Alisema kinywa hufundishika kwa usiku mmoja, lakini mkono husema ulikokulia. Ndiyo maana Mjomba Malogo aliitwa, na ndiyo maana kipupwe chote cha mwaka ule kilipita katika vumbi la uwanja wetu, mbele ya nyumba yetu ya tembe, tukifundishwa kushika.

Mjomba hakuwa mtu wa subira. Alichoka upesi, alipenda ugoro na kukaa, na alipokosewa alitazama pembeni kwa namna iliyokufanya utamani angekutukana. Alianza na vidole. Alitumia mfano wa kukamua, jambo lililomuuma mama kwa kuwa hatukuwa na cha kukamua. Kukamua, alisema, huanza na kidole cha shahada, vingine vikafuata kwa kushuka mpaka kile kidogo. Fimbo ni kinyume chake. Kidole kidogo ndicho hufunga kwanza, kisha cha pete, cha kati kinasaidia, na cha shahada hukaa kimelegea kikiongoza tu. Gumba hupita juu ya vidole. Halilazwi juu ya mti, maana pigo likitua, gumba lililolala hutenguka. Mkono ukae kwenye theluthi ya chini, si mwishoni kabisa, ili kipande kinachobaki kiulinde mkono kuanzia kifundo hadi kiwiko. Tulisimama hivyo tukifunga na kufungua vidole mpaka kidole changu kidogo, ambacho mpaka siku ile sikujua kama kina kazi yoyote duniani, kikaanza kutetemeka.

Baada ya fimbo likaja rungu. Rungu kichwa chake ni kizito na hupenda kumkimbia mwenyewe, kwa hiyo mshiko huacha kipande cha upana wa gumba chini ya kiganja, jasho likija lisichomoke. Likirushwa, lirushwe chini chini kwenye miguu, kwa sababu, alisema Mjomba, fisi aliyepigwa mgongoni hukimbia na mbuzi wako, aliyepigwa miguu humwacha. Mkuki ulaze juu ya kidole kimoja mpaka utulie, kisha ushike nyuma kidogo ya hapo. Ukimfuata mtu njiani, ncha isielekee mgongo wake. Ukimkabidhi mtu silaha yoyote, shina litangulie na ncha ikutazame mwenyewe. Na ukizuia pigo kwa mikono miwili, vidole visijifunge kwenye mti. Vifungue, kiganja kisukume, la sivyo utakwenda kula ugali kwa mkono wa jirani. Yapo mengine niliyosahau. Haya sikuyasahau kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mpinzani wa Ndahani, hapakuwa na mwingine, na kila lililoharibika liliharibikia kwenye vidole vyangu.

Ndahani alikuwa na mashoto. Hilo halikuwa siri. Kula alikuwa amezoezwa kula kwa mkono wa kulia tangu mdogo, kwa kofi la mama, na shuleni alizoezwa kuandika kwa mkono huohuo, kwa kofi la mwalimu. Lakini kila alichokifanya bila kuagizwa alikifanya kwa kushoto. Akirusha jiwe, kushoto. Akipasua kuni, kushoto. Na fimbo ikiwa mkono wa kushoto, alikuwa hatari. Mapigo yake yalitoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Hata Mjomba, siku alipoingia uwanjani mwenyewe kumfundisha adabu, alitoka akijishika sikio, akasema jua linamchoma, akaenda kukaa. Mimi nilicheka, na mama akanituma maji ili nisichekee pale.

"Kupigana anajua," Mjomba alimwambia mama jioni ile. "Kusimama ndiyo hajui. Mzee akimwona ameshika kushoto, atasema ng'ombe wake wanapelekwa na mtu aliyepinda."

"Basi mnyooshe," mama alisema.

Udongo uwahi ungali maji. Ndahani hakuwa maji tena, alikuwa kijana mwenye ndevu mbili tatu alizokuwa akizihesabu, lakini Mjomba alimnyoosha alivyonyoosha mikole. Alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akamfunga mkono wa kushoto kiunoni asubuhi mpaka jioni. Ndahani alichota maji kwa mkono mmoja, alifukuza mbuzi wa jirani kwa mkono mmoja, alijikuna kwa shida. Watoto wa kitongoji walimwita mlemavu wa Malogo. Hakukasirika, na hilo lilinishangaza, kwa kuwa kwa kawaida alikuwa mwepesi wa hasira. Nilipomuuliza, alinionyesha kwa kidevu Eliza aliyekuwa amekaa kwenye kanga, akichezea ungo bila nguvu ya kuutupa. Kisha akasema, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, kwamba ng'ombe wakija atawapa majina yeye mwenyewe na nisimwingilie.

Mwisho wa kipupwe mkono wa kulia ulikuwa umeelewa. Alishika theluthi ya chini, gumba juu ya vidole, fimbo ikipumzika begani kama inavyotakiwa kwa mtu anayefuata kundi. Ukimtazama hungejua. Mjomba alizunguka mara kadhaa akimkagua mbele na nyuma, akatema ugoro, akasema sasa hata Mbeho mwenyewe hawezi kuona kitu. Sote tuliamini. Tulikuwa tumeutazama mkono wa kulia kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna aliyekuwa akiufikiria mwingine.

Lazima nieleze salamu, kwa sababu hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo wasio wa kwetu huenda wakaliona dogo. Kijana mwenye fimbo akikutana na mkubwa, huihamishia fimbo mkono wa kushoto, akaishika katikati, ncha ikiangalia chini, mkono wa kulia ukawa huru. Ndipo anaposalimia. Maana yake haihitaji kusemwa: mkono wa kupigia sasa hauna kitu, na fimbo iko kwenye mkono usioweza kuitumia. Kusalimia kwa mkono wa kushoto ni tusi. Na mchungaji haiweki fimbo chini mbele ya mwenye ng'ombe, maana hiyo ni kusema sitaki kuchunga. Haya tuliyajua tangu hatujaota meno ya pili. Hatukuyafanyia mazoezi kwa sababu hakuna anayefanya mazoezi ya kutoa salamu.

Mzee Mbeho alikuja asubuhi, akiwa na mwanawe mmoja aliyemsindikiza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama alikuwa amechinja kuku wa mwisho mwenye maana, na mlenda ulikuwa jikoni. Mzee alikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia, amevaa koti zito la zamani na makobazi ya tairi. Mkuki wake aliusimamisha nje ya uwanja kwa shina, akaingia na fimbo tu. Ndahani alikuwa amesimama karibu na mlango wa zizi tupu, fimbo mkono wa kulia, amesimama vizuri kweli. Nilimwona mzee akimtazama kwa mbali na kutikisa kichwa taratibu kwa kuridhika. Mjomba naye aliliona hilo. Alijikohoza kwa furaha.

Ndahani akasogea kusalimia. Akaihamishia fimbo mkono wa kushoto, kama inavyopasa. Na mkono wa kushoto, uliokuwa umefungwa kipupwe kizima, ukaipokea fimbo kama unavyoijua. Haukuishika katikati. Uliteleza mpaka theluthi ya chini, kidole kidogo kikafunga kwanza, cha pete kikafuata, gumba likapita juu, na ncha ikainuka kutoka ardhini, kidogo tu, ikasimama usawa wa goti la mzee. Ndahani mwenyewe hakujua. Uso wake ulikuwa umeinama kwa heshima, mkono wake wa kulia mtupu ameunyoosha, na mdomo wake ulikuwa ukisema, "Shikamoo, babu."

Mzee Mbeho alikuwa ameshanyoosha wake. Akaurudisha. Macho yake hayakuwa usoni kwa Ndahani, yalikuwa kwenye vile vidole. Ndahani akafuata macho yake, akaona. Akashtuka, akaipeleka fimbo haraka mkono wa kulia, na sasa mkono uliobaki mtupu mbele ya mzee ukawa wa kushoto. Akairudisha tena. Nilimwona jasho likimtoka kwenye baridi ile. Hakuwa na mkono wa kusalimia.

"Ana mashoto huyu, mzee," Mjomba alisema akicheka kicheko cha kutuliza mambo. "Mtoto tu. Hana ubaya."

"Naona kwamba ana mashoto," Mzee Mbeho alisema. "Na mimi naombwa nipokee salamu ya mtu aliyeshika silaha. Na nyinyi mlinificha mkono wake."

Hapo ndipo penye uzito, wala si kwenye mashoto. Mzee angeweza kumchukua mtu wa mashoto; baadaye nilisikia kwamba mmoja wa wachungaji wake alikuwa hivyo hivyo. Lakini tulikuwa tumemwonyesha mkono wa kulia uliotengenezwa, na mtu anayekupa ng'ombe wake bila shahidi wala maandishi hana kingine cha kushikilia isipokuwa kwamba hukumficha kitu. Aligeuka kumtazama mwanawe, na mwanawe akatazama mkuki ulioko nje. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, Eliza mgongoni. Alianza tu kumpigapiga Eliza makalio kwa nyuma, kama mtu anayembembeleza mtoto anayelia, ingawa Eliza hakuwa analia.

Ndahani alimtazama mama. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama karibu naye na sahani ya maji ya kunawa. Alinijia, akaichukua sahani na kuiweka pembeni, akanikabidhi fimbo, shina likitangulia na ncha ikimtazama yeye. Nilipokea bila kufikiri, kwa mkono wa kulia. Na kwa kuwa mbele yangu alikuwa mkubwa ambaye sikuwa nimemsalimia, niliihamishia kushoto, nikaishika katikati, ncha chini, nikapiga goti na kusema shikamoo. Mkono wangu wa kushoto haukuwa unajua lolote. Ulining'inia tu.

"Marahaba," alisema Mzee Mbeho, akaniwekea kiganja kichwani. Kisha akapokea mikono mitupu ya Ndahani, yote miwili, kwa unyenyekevu ambao sikuutegemea, akawa ameishikilia. Akasema kwa Kigogo maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema: umefanya jambo la mtu mzima. Akakaa, akala kuku. Alipomaliza kunawa, alisema ng'ombe watakuja kabla ya mvua, na huyu msichana ndiye atakayewachunga. Mjomba alijaribu kusema kwamba msichana yuko shule. Mzee akasema shule iko asubuhi, saa hizo ng'ombe wataenda na watoto wa jirani, jioni na yeye, wataelewana. Kuhusu Ndahani hakusema lolote, na hakuna aliyemuuliza.

Ng'ombe walikuja. Niliwachunga kwa zamu na watoto wa jirani mpaka nilipomaliza darasa la saba, na nilikuwa mchungaji wa wastani. Niliwapoteza mara kwa mara, lakini sikumpoteza hata mmoja moja kwa moja. Eliza alinenepa kabla ya mahindi kutoa mbelewele. Nywele zake zilirudi nyeusi, akawa na nguvu ya kutupa ungo na vyombo vingine vyote. Ndahani alikaa mpaka ng'ombe walipozoea zizi, akalirekebisha boma lao, akawapa majina kama alivyokuwa amesema, na mimi sikumwingilia. Kisha akaenda Zuzu kwa baba, na kutoka Zuzu akaenda mjini. Mtamba alipotolewa, alitolewa kwa aliyechunga. Alizaa, na uzao wake ndio ulionilipia sekondari, na sekondari ndiyo iliyonileta kwenye kiti ninachokalia sasa. Nililia siku niliyoonyeshwa mtamba yule. Watu walidhani ni furaha, wakanipongeza.

Sasa nafanya kazi ofisini hapa Dodoma mjini. Wageni wakubwa wakija, huitwa kikundi cha ngoma kuwapokea, vijana wenye fimbo na mikuki ya maonyesho, na najikuta natazama magumba yao. Yote yamelala juu ya mti. Hakuna ubaya, hawatapiga mtu. Watu husalimiana na simu mikononi, ya kulia au ya kushoto, na ukimkabidhi mtu mkasi kwa ncha anasema asante. Siwezi kusema zamani palikuwa bora. Desturi ile ile iliyomlisha mdogo wangu ndiyo iliyomfukuza kaka yangu nyumbani, na ilifanya yote mawili asubuhi moja, kabla ya chakula. Siku hizi Ndahani ni fundi wa kupiga plasta, na mashoto yake ni mali. Wenye nyumba humtafuta kwa sababu kona zinazowashinda wengine yeye huziingia bila kujipinda. Ana mke, watoto, na nyumba ya matofali aliyoijenga mwenyewe, huko Mkonze, si pale alipokuwa ametuonyesha.

Jumapili Ndahani huja kwangu baada ya kanisa, na Eliza huja na wanawe. Maziwa yapo kwenye jokofu, ya paketi, yameandikwa tarehe, na hakuna ajuaye aliyechunga ng'ombe wake. Eliza ndiye hupika chai. Anamwekea kila mtu ya maziwa, isipokuwa kaka yake, ambaye tangu ng'ombe wale walipokuja hunywa ya rangi. Anawaeleza watoto wake kwamba mjomba wao ana tumbo baya, maziwa hayapatani naye. Ndahani hutikisa kichwa kwamba ndivyo, na mimi humsogezea sukari.